Risasi Ndani ya Chumvi

Nilimfahamu Felistus Nsama kwa chumvi yake kabla sijamfahamu kwa sura. Mimi ni Camille, muuza samaki wa Kilwa, ile ya Katanga, ng'ambo ya ziwa Mweru. Tangu mwaka 1993 nimekuwa nikivuka kuja Nchelenge kununua chisense, wale dagaa wadogo wa ziwa letu, pamoja na samaki wakubwa wa kukausha. Madukani palikuwa na chumvi nyeupe ya mfuko. Lakini aliyetaka samaki wake wafike Lubumbashi bila kunuka alitafuta chumvi ya majani, ya kijivu, inayouzwa kwa bunda refu lililofungwa kwa maganda ya mgomba. Nikiuliza nani kaipika, jibu lilikuwa moja: Bana Jessy, mama yake Jessy. Ndiye Felistus.

Alizaliwa upande wa Kaputa, kwenye mbuga ambazo udongo wake una chumvi hata ng'ombe huulamba. Kule huota nyasi fupi, ngumu, zenye majani manene kidogo, ambazo haziogopi chumvi. Mama yake alimfundisha kazi akiwa na miaka kumi na miwili. Unang'oa nyasi kiangazi, unazianika, unazichoma. Majivu unayaweka kwenye chungu chenye matundu chini, unamimina maji polepole, na maji yanayodondoka unayachemsha mpaka yakauke. Kinachobaki ndicho chumvi. Alipoolewa na Chisenga, mvuvi wa kijiji kimoja kati ya Nchelenge na Kafutuma, alikuja na chungu chake kichwani. Nyuma ya kijiji hicho, mwendo wa nusu saa, alikuta mbuga ndogo yenye nyasi zilezile, akaendelea kama alivyofundishwa.

Alikuwa mwanamke wa maneno machache, mrefu, mwenye vidole vilivyopasuka kwa majivu. Binti yake Jessy alikuwa ameshaolewa Mansa. Nyumbani walibaki yeye na mumewe, na hatua ishirini kutoka mlangoni kwao ilikuwa nyumba ya Kunda, mdogo wake Chisenga, na mkewe Mirriam. Ndugu hawa wawili walivua mtumbwi mmoja. Mirriam alikuwa msichana tu alipoolewa, na Felistus ndiye aliyemfundisha kuanika samaki, kusonga bwali, yaani ugali, la watu wengi, na kunyamaza wakati wanaume wanagombana.

Mwanzoni mwa 1997, vita ya kwanza ilipopita Katanga, alivuka kutoka kwetu kuja kijijini kwao fundi mmoja aitwaye Hervé. Alipewa kiwanja pembeni kabisa mwa kijiji, na hapo akaanza kazi ambayo wavuvi waliipokea kwa furaha. Alinunua betri mbovu za magari, akazipasua kwa shoka, akamwaga maji yake makali ardhini, akayeyusha mabamba ya ndani kwenye pipa lililokatwa nusu. Alichomimina kwenye vikalibu vya udongo kilikuwa risasi, vipande vidogo vyenye tundu, vya kuzamisha nyavu. Kabla yake wavuvi walifunga mawe. Sasa kila mtumbwi kuanzia Nchelenge hadi Mununga ulikuwa na risasi za Hervé. Chisenga na Kunda walizikaza kwenye kamba kwa meno.

Hervé alikuwa mcheshi, mtu wa kuimba akifanya kazi. Kila asubuhi alikunywa maziwa ya kopo akiamini yanaosha kifua.

Kiwanja chake kilianza kufa. Muhogo uliokuwa ukingoni ulinyauka, viazi vikafuata, udongo ukafanya ukoko mweupe. Kitu kimoja tu ndicho kilichoota humo, tena kwa nguvu: zile nyasi za chumvi. Zilitambaa kutoka mbugani, zikaingia mpaka karibu na pipa la moto. Felistus alizitazama wiki nzima. Ni hatua mia moja kutoka jikoni kwake.

"Ba Hervé, mukwai," alimwambia kwa heshima, "naweza kukata hii majani?"

"Kata yote, mama," Hervé akamjibu. "Miye siko mbuzi."

Akavuna humo kiangazi cha 1997, na kiangazi cha 1998. Alizing'oa na mizizi yake, akaikung'uta kidogo tu, kwa sababu mama yake alimwambia utamu wa chumvi uko mizizini. Chumvi ilitoka nyingi kuliko miaka yote. Nilinunua mabunda arobaini nikayavusha kwenda Kilwa, na sitasema kwamba nilisita.

Mwezi wa kwanza wa 1999 mkono wa kulia wa Chisenga ulianguka. Sina neno jingine. Aliamka, akanyoosha mkono kuchukua kikombe, na kiganja kikaning'inia kutoka kwenye kifundo kama kitambaa kilicholowa. Hakikuuma. Vidole vilikuwapo, lakini vilikataa kuinuka. Kwa miezi mingi kabla ya hapo alikuwa akilalamika tumbo, maumivu ya kujikunja, na haja ilikuwa ngumu siku tano, siku sita. Wakampa dawa za minyoo.

Mirriam naye alikuwa amepoteza mimba mbili, moja mwezi wa tano, nyingine mwezi wa nne. Watu walihesabu. Mwanamume mwenye nguvu mkono wake unakufa, na mdogo wake hapati mtoto? Neno likaanza kutembea ufukoni kwamba Kunda ametoa watoto wake wawili kafara ili apate samaki, na sasa amehamia kwa kaka yake. Chisenga alikwenda kwa mtu anayepiga ramli, akarudi na jina. Jumapili moja, baada ya ibada, watu wakiwa bado wamesimama nje ya kanisa, aliuinua mkono wake wa kulia kwa mkono wa kushoto na kusema, "Kunda, nirudishie mkono wangu."

Kunda alicheka mwanzoni. Alidhani ni mzaha. Alipoona hakuna mwingine anayecheka, uso wake ulikauka. Kesho yake nyumba yake ilipigwa mawe, na siku ya tatu yeye na Mirriam wakapakia vitu vyao kwenye mtumbwi kwenda Mununga, kwa wajomba wa Mirriam. Felistus hakusema kitu mbele za watu. Lakini mtumbwi ulipokuwa unasukumwa alishuka mpaka maji yakamfika magotini, akamwekea Mirriam bunda zima la chumvi mapajani. Alijua jinsi msichana yule alivyopenda kuilamba alipokuwa na mimba. Ilikuwa njia yake ya kusema kwamba yeye hakuamini.

Mwezi wa nne nilimvusha Emilienne. Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na mitano hivi, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, aliyekuwa akifundisha na kuchunguza mimea Lubumbashi. Alikuwa amekwenda Pweto kumzika mama yake, vita ikafunga njia nyuma yake. Kazi yake yote ilikuwa juu ya mimea inayoota mahali ambapo madini yameua kila kitu kingine. Aliniambia hayo ndani ya mashua nikiwa namwaga maji, na nilidhani anajisemea tu ili asilie. Nyumba iliyokuwa tupu kijijini ilikuwa moja, ile ya Kunda. Akapanga humo.

Siku ya pili alikiona kiwanja cha Hervé. Felistus anasema mgeni yule alisimama ukingoni kama mtu aliyemkuta ndugu yake ugenini. Alipiga magoti, akachimba shina moja kwa kijiko, akaliinua kwenye mwanga. Kisha akamgeukia Hervé aliyekuwa anaimba.

"Hervé, fungua kinywa."

Hervé akafungua huku akicheka. Kwenye ufizi, chini ya meno, palikuwa na mstari wa samawati iliyoiva, kama uliochorwa kwa kalamu.

Emilienne hakucheka. Alikwenda kumtazama Chisenga mkono, akamuuliza juu ya tumbo na juu ya kukaza risasi kwa meno. Alimuuliza Felistus anavuna wapi. Baadaye akaomba vitu vinne: udongo wa kiwanja, mizizi, majani, na kijiko cha chumvi. Alivifunga kwenye bahasha, akaviandika, akampa padri aliyekuwa anakwenda Kopabeti, kwenye miji ya migodi ya shaba, na gari la misheni, ampelekee rafiki aliyesoma naye, mwenye maabara. Wakati wanasubiri alimwambia Hervé asichome tena. Hervé aliendelea kuchoma kwa wiki mbili, mpaka siku alipoanguka na kutetemeka mbele ya pipa lake mwenyewe. Hospitalini walimweka siku kumi na moja. Alipotoka hakuimba.

Majibu yalifika mwezi wa saba, siku ya Jumanne. Mimi nilikuwa uani kwa Felistus nikisubiri mabunda mapya. Chungu kilikuwa kinadondosha, tone, tone, kwenye sufuria. Emilienne aliingia na karatasi mkononi, akasimama.

"Mama Jessy, ikala kwanza," alimwambia, akimwonyesha kigoda akae.

"Nimeikala, madamu."

"Iko risasi mu chumvi yako."

Felistus aliruka. Siku zile neno risasi lilitufanya tuwaze bunduki kwanza. Asubuhi nyingine tulisikia milio ikivuka maji kutoka upande wa Pweto, na wiki iliyotangulia maiti mbili zilikuwa zimeletwa na mawimbi. Alishika sufuria, akaiinamisha, akaingiza mkono wake kwenye maji ya chumvi akipapasa chini.

"Wapi? Nani alitia? Miye nachuja mara mbili! Kama iko risasi ningeiona!"

"Haiko ya bunduki, mama. Ni ile ya Hervé. Ya nyavu. Imeyeyuka mu udongo, haionekane na macho."

Felistus alibaki na mkono ndani ya sufuria.

Emilienne alichuchumaa mbele yake na kueleza taratibu, kama mtu anayeshusha kitu kizito. Nyasi zile, alisema, zimezoea kuishi na chumvi, na mwili uliojifunza kuvumilia chumvi nyingi mara nyingine huweza kuvumilia na madini. Mizizi yake inaikamata risasi. "Na iko na tududu tudogo sana mu mizizi, hatuwezi kuona na macho. Ile tududu inaishi pamoja na ile majani. Inatengeneza kitu kama ulimbo, risasi inanasa pale, haiendi tena mu maji, haiendi mu kisima. Hii majani iko muzuri, mama. Ilikuwa inafanya kazi. Ilikuwa inafunga sumu."

"Na miye?"

Emilienne aliikunja karatasi.

"Na miye, madamu? Sema."

"Weye ulikuwa unang'oa mizizi na udongo yake. Unachoma. Unatia mu sahani."

Felistus aliniambia baadaye kwamba hapo masikio yake yaliziba. Aliona mdomo wa Emilienne ukiendelea kusema, bila sauti. Emilienne alikuwa anasema jambo la maana, kwamba Chisenga alipata sumu kwa njia tatu, moshi na meno na chumvi, na kwamba pengine si chumvi iliyomdhuru zaidi. Hakuna aliyemsikia. Hata mimi sikusikia vizuri, nilikuwa nayaona mabunda arobaini yakishuka Kilwa, na mke wangu akichukua moja kabla sijaliuza. Felistus alikwenda kwenye pipa la maji akanawa mikono. Akarudi. Akaenda tena akanawa. Mara ya tatu alisimama katikati ya ua, maji yakimdondoka, akamwita mama kwa lugha yake, kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake:

"Mayo! Mirriam!"

Chisenga alikuwa ametoka ndani akisikiliza, mkono wake umefungwa kwenye kitambaa kifuani. Aliuliza mara moja tu kwa Kibemba, lugha ninayoielewa vizuri.

"Kwa hiyo si Kunda?"

Akakaa chini palepale alipokuwa, penye majivu, mtu mzima mwenye mvi. Akajifunika uso kwa mkono mmoja uliokuwa unafanya kazi.

Niliwapeleka Mununga kesho yake kwa mashua yangu ya injini. Chisenga alitaka kuja, Felistus akamkatalia. "Wewe utakuja na neno lako siku nyingine. Leo nina langu." Njia nzima alikaa mbele akiwa amekumbatia magoti, na Emilienne kando yake akishikilia mkoba wa karatasi usilowe.

Tulimkuta Mirriam kwenye vichanja vya samaki, anageuza chisense juani. Alinyooka aliposikia sauti, akashika kiuno. Tukaona sote kwa pamoja. Alikuwa na mimba ya miezi minne.

Felistus hakusalimia. Alichouliza ni, "Lile bunda. Uko nalo?"

Mirriam alitabasamu, maskini. Alidhani amekuja kusuluhisha, na kwamba anaanza kwa jambo dogo kama wafanyavyo watu wazima. "Nililiweka vizuri, Bana Jessy. Nalamba kidogo tu asubuhi, kichefuchefu kikija. Sikutaka liishe."

Felistus alipiga yowe. Wanawake wa vichanja vingine waliacha kazi. Aliingia ndani ya nyumba ya watu bila kubisha, akatoka na bunda lililobaki robo, akalitupa chini, halafu akaogopa kulitupa, akaliokota, akalikumbatia, hajui alipeleke wapi. Emilienne alimnyang'anya na kulitia mkobani. Ndipo Felistus akapiga magoti kwenye mchanga wenye magamba ya samaki, mbele ya msichana aliyemlea, akasema yote. Kiwanja. Majani. Mizizi. Mimba ya kwanza, mimba ya pili. Hakujitetea kwa kusema hakujua. Nilisubiri aseme hivyo, hakusema.

Mirriam alisikiliza akiwa amesimama, mikono miwili juu ya tumbo. Kisha akauliza kitu kimoja.

"Kwenye ile mimba ya pili, nilikuja kuomba chumvi nikakuta imekwisha. Ukanipikia kidogo, mimi peke yangu, siku ileile. Ile pia ilitoka kwa Hervé?"

"Ile pia."

Mirriam alifumba macho, akageuka, akaendelea kugeuza samaki mmoja mmoja. Hakutufukuza wala hakutukaribisha. Kunda alipofika kutoka ziwani aliikuta karatasi mkononi mwa Emilienne, na alipoelewa, jambo la kwanza alilolifanya lilinishangaza kuliko yote ya siku ile. Alicheka, kile kicheko cha Jumapili ya kanisani, kisha kikageuka kikawa kilio, na akaomba apewe karatasi ile aibebe. Emilienne alimwambia ni nakala yake pekee. "Nitaiandika," Kunda akasema. Hakujua kuandika sana. Alikaa kwenye ukingo wa mtumbwi akainakili herufi kwa herufi, na tarakimu zake, mpaka jua likapungua. Mirriam tulimpeleka kliniki asubuhi yake, na Emilienne akazungumza na muuguzi peke yao muda mrefu.

Nikiishia hapo nitakuwa nimeeleza hasara tu. Felistus hakupika tena chumvi. Alivunja chungu chake, akazika vigae. Kwa wiki kadhaa hakutoka, na wapo waliotaka afukuzwe kama alivyofukuzwa Kunda, maana watu wakishazoea kumtafuta mwenye kosa hawaachi kwa siku moja. Emilienne ndiye aliyekwenda kumtoa.

"Mama, nasikia unataka kuchoma kile kiwanja chote, majani na mizizi."

"Nataka kife."

"Kikikufa, upepo utabeba vumbi, batoto watavuta. Mvua itapeleka mu ziwa. Ile majani njo mulinzi wetu. Nataka iote kila mahali pale, hata pale karibu na pipa, mahali pamekataa. Nilipanda mara mbili, ikakufa. Sijue juu ya nini."

Felistus akauliza ameitoa wapi ile miche.

"Kule mbugani."

"Uliosha mizizi?"

"Niliosha, ndiyo. Nilitaka kuiona vizuri."

"Awe," Felistus akasema, hapana. Na kwa mara ya kwanza tangu siku ya karatasi alisimama akajifunga kitenge. "Ile majani haikubali kuhama bila udongo yake. Mama yangu alikuwa anahamisha na donge. Na pale kwenye risasi usilete ya mbugani. Leta ya palepale, yenye imekwisha kuzoea."

Emilienne alimtazama kama alivyozitazama zile nyasi siku ya kwanza. Kilichokuwa kwenye donge lile, alitueleza, ni vile vidudu visivyoonekana. Mama yake Felistus kule Kaputa hakuwajua kwa jina, lakini miaka yote aliwahamisha pamoja na nyasi zake. Wakapanda mistari miwili kando kwa kando, karibu na pipa. Mstari mmoja una miche ya mbugani iliyooshwa mizizi, mwingine una miche ya kiwanja na donge lake, na kila shimo la mstari huu likaongezwa konzi ya udongo kutoka chini ya nyasi zilizostawi. Hervé, aliyekuwa amekonda mpaka suruali inazunguka, alichimba mashimo yote na kuteka maji. Mvua za mwezi wa kumi na moja zilipofika, mstari wa kwanza ulikuwa umekufa wote isipokuwa mashina mawili. Wa pili ulikuwa umeshikana, huoni udongo.

Nilimuuliza Emilienne kama sasa udongo umepona. Hakupenda kudanganya. Alisema risasi ni nzito na ng'ang'anizi, kwamba sehemu kubwa itakaa pale imefungwa mizizini, na kinachopanda juu kwenye majani ni kidogo. Ukikikata kila mwaka na kukizika mahali salama utapunguza, lakini atakayeona kiwanja kile kikilimwa muhogo labda ni mjukuu wa mtu. Walichimba shimo, wakalisakafia kwa saruji, wakalifunika bati. Humo ndimo yanamotupwa majani yaliyokatwa. Hayachomwi. Walizungushia miiba ili mbuzi wasiingie.

Mkono wa Chisenga ulirudi kwa vipande, kwanza kifundo, kisha kidole gumba, kwa muda wa miezi tisa. Kidole kidogo hakijarudi. Alikwenda Mununga mwenyewe mwezi wa kumi, akatembea kutoka ufukoni mpaka nyumbani kwa Kunda bila kofia, na mbele ya wajomba wote alisema alichosema. Mimi sikuwapo. Najua tu kwamba siku hizi wanavua pamoja tena, kila mmoja akitokea kwake, na wanafunga mawe.

Mirriam alijifungua mwezi wa kwanza mwaka 2000, mtoto wa kike, mdogo sana. Ameishi. Alichelewa kukaa, akachelewa kutembea, na maneno yake bado ni machache kuliko ya wenzake. Hakuna anayeweza kusema kwa hakika ni kwa sababu gani. Felistus hukubali kwamba hakuna anayeweza kusema, na hukubali haraka mno. Mirriam amekuja kijijini mara moja tu. Alitaka kukiona kiwanja. Alisimama kwenye miiba na mtoto mgongoni, akatazama kijani kile chote, akasema, "Ni mazuri," kana kwamba hilo ndilo lililomkasirisha. Hakuingia kwa Felistus.

Emilienne alirudi Lubumbashi njia zilipofunguka, akaacha kijitabu cha vipimo na anwani yake. Hervé alirudi kwao. Aliyebaki na kiwanja ni Felistus. Kila mwisho wa kiangazi anakikata kwa mundu, amevaa buti za mpira na kitambaa puani. Kila mara anahamishia donge jingine kwenye kona iliyobaki tupu. Akina mama wa vijiji vya jirani, ambako nako watu waliyeyusha betri, wamekuja kumwomba miche. Hakumpa hata mmoja bila kwenda naye kutazama kiwanja kiko wapi, nani anakaa karibu, watoto wanacheza wapi.

Mara ya mwisho nilipopita alikuwa ndiyo kwanza anamaliza kukata. Nilivuka miiba bila kufikiri, nikaenda kumsaidia kubeba mzigo wa majani mpaka shimoni. Tulipotoka nikaanza kushuka kuelekea mashua yangu, kwa haraka, upepo ulikuwa unageuka.

"Ba Camille," akaniita. Alikuwa ameshika ndoo ya maji na sabuni. "Kule Kilwa uko na batoto. Osha miguu kwanza."